Matundu Thelathini

Shangazi Matundu alijua kudharau. Si ile dharau ya kubenua midomo na kusonya, maana hiyo kila mtu anaiweza. Yake ilikuwa ya kimya: anainua macho kutoka kwenye sindano, anakupandisha na kukushusha mara moja, kisha anarudi kwenye kazi yake kana kwamba amepita nzi. Na mwaka ule wa Ubia, mwenyewe alikiri, macho yake hayakupata hata siku moja ya kupumzika.

Kazi yake ilikuwa moja tu, matundu ya vifungo. Mtaa ule una mafundi nguo kila mlango, lakini cherehani zao za mguu zinajua kwenda mbele na kurudi nyuma, basi, tundu haziliwezi. Shati likishakamilika, fundi analikunja na kumpelekea Shangazi barazani. Yeye anapima kwa kidole gumba, anachana kwa wembe, halafu anazungushia uzi ukingo mzima, mshono juu ya mshono, mpaka tundu linakuwa gumu kama ukucha. Dakika tano kila moja, haziongezeki wala hazipungui. Shati lilichakaa likawa tambara la kudekia, na tundu la Shangazi likabaki zima limekodoa macho.

Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kona ile ile ya baraza, meza yake ikitazama mashariki, kwa sababu kazi ile inataka jua la asubuhi liingie hadi kwenye tundu la sindano. Nyumbani kwake kulikuwa na chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na humo hata kuchambua mchele ilibidi awashe taa saa sita mchana. Akiondolewa barazani, kazi imekwisha. Hilo alilijua yeye na mtaa mzima ulilijua.

Kisha jengo lenye baraza lile likachukuliwa na Ubia wa Kujitegemea.

Ubia huo ulikuwa ni benki moja, manispaa, shirika moja lenye magari meupe, na makampuni mengine yaliyotaka kuonekana yamesimama karibu na hao watatu. Walikuja, walisema, kuwasaidia wakazi wa kipato cha chini wajitegemee. Shangazi aliposikia hivyo aliuliza swali moja tu, akalielekeza kwa uzi wake: hii miaka kumi na tisa alikuwa anamtegemea nani?

Lakini alikwenda kwenye mafunzo. Tangazo lilisema wazi kwamba mwenye cheti ndiye atakayebaki kwenye jengo, na yeye hakuwa mjinga. Alikwenda Jumamosi tatu.

Mkufunzi alikuwa meneja wa Ubia mwenyewe, mtu wa makamo mwenye viatu vya kuchongoka na karatasi kubwa alizozibandika ukutani kila alipoingia chumbani. Siku ya kwanza tu mtaa ulishambatiza Bwana Chati. Aliwaambia watu wazima thelathini, wengine wana wajukuu, wafumbe macho na wajione walivyo baada ya miaka mitano. Wote wakafumba isipokuwa Shangazi.

"Mama, huoni kitu?" akauliza Bwana Chati.

"Nikifumba macho naona giza, mwalimu. Nikifumbua nakuona wewe. Sijui lipi nafuu."

Watu walicheka. Bwana Chati alicheka pia, ila aliandika kitu.

Jumamosi ya pili walipewa fomu. Unakula mara ngapi kwa siku? Una wategemezi wangapi? Una shida gani kubwa kuliko zote? Eleza kwa nini unahitaji kusaidiwa. Shangazi alijaza mbili za kwanza. Penye shida kubwa aliandika, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani, "Ninyi." Pa mwisho aliacha wazi.

Jumamosi ya tatu Bwana Chati akachora visanduku saba vilivyounganishwa kwa mishale. Huu, alisema, ndio mnyororo wa thamani wa shati. Kukata. Kuunga. Kola. Mikono. Vifungo. Kupiga pasi. Kufungasha. Kila mtu achague kisanduku chake, akae humo, asimwangalie mwenzake, maana kuangaliana ndiko kunakowachelewesha maskini. Shangazi akainua mkono na kuuliza matundu yako kisanduku gani.

"Swali zuri," alisema Bwana Chati, kwa sauti ya mtu aliyeona swali ni baya. "Hebu tujiulize. Mwenye kola anaongeza kola. Mwenye vifungo anaongeza vifungo. Wewe mama unaongeza nini? Tundu ni mahali ambapo kitu hakipo. Mbia hawezi kulipia mahali ambapo kitu hakipo."

Chumba kizima kilicheka, na safari hii walimcheka yeye. Mafundi aliowatobolea mashati tangu wakiwa wanafunzi wa kazi walicheka mpaka wakajifuta macho. Kikundi kikapiga kura nani anafaa kuendelea, na wifi yake, mke wa mdogo wake, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikundi, akainua mkono pamoja na wenzake huku akitazama sakafu. Fomu ya Shangazi ikarudishwa imegongwa muhuri mwekundu: HANA UTAYARI. Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba aondoe meza barazani kabla ya siku ya uzinduzi, kwani kona ile itawekwa maua.

Aliikunja fomu mara nne akaitia ndani ya kopo la vifungo. Hakulia. Alikuwa na hasira kiasi kwamba machozi yasingepata pa kupita.

Siku ya uzinduzi ikafika. Saa moja asubuhi vyungu vya maua vilikuwa vimepangwa ukutani vinasubiri kona, na Shangazi alikuwa anafunga nyuzi zake kwenye kanga ya zamani, taratibu, rangi moja baada ya nyingine. Watu wa Ubia walikuwa wameshafika. Wageni ishirini wa meza kuu walikuwa wavae mashati yaliyoshonwa na wanufaika wenyewe, yenye nembo ya mikono miwili inayosalimiana, ili mgeni rasmi aone kwa macho yake. Mashati yale yakipendeza, kikundi kingepewa kazi ya kushona mengine mia tano. Wifi hakuwa amelala vizuri wiki nzima.

Kutoka ndani kukasikika ukelele wa mwanamume. Kisha minong'ono mingi, na mlango ukafunguliwa kwa nguvu.

Bwana Chati alitoka amevaa shati jipya, kifua wazi, tumbo lake jembamba linaonekana hadi kitovuni. Upande wa kulia wa shati kulikuwa na vifungo vitano vimeshonwa imara kweli kweli. Upande wa kushoto kitambaa kilikuwa kitupu, kimenyooka, kimepigwa pasi kikapigika, hakina hata tundu la kupitisha unywele.

Mashati ishirini, yote vilevile. Kila kisanduku kilifanya kazi yake. Mkataji alikata, mwunganishaji aliunga, mwenye vifungo aliweka vifungo, mpiga pasi alipiga pasi, mfungashaji akatia kwenye nailoni. Wifi peke yake alikuwa ameliona kosa hilo, wiki mbili nyuma, akalisema kikaoni, na Bwana Chati akamjibu, "Mwenyekiti, wewe kisanduku chako ni kola." Akarudi kwenye kola.

Shangazi alimtazama Bwana Chati kuanzia viatu vya kuchongoka mpaka kidevuni. Hakuharakisha. Kitovuni alisimama kidogo.

"Mbona umeacha dirisha wazi, mwalimu?"

"Mama, tafadhali. Ni dharura. Chana tu kwa wembe, yote mia. Dakika kumi tu."

"Nikichana bila kuzungushia uzi, kitambaa kinafumuka. Mgeni rasmi hajamaliza kusalimia, ninyi mko uchi jukwaani na mashati yameharibika. Halafu mtasema mafundi wa hapa hawajui kushona."

"Basi shona haraka."

"Tundu moja dakika tano. Sasa saa moja na nusu. Mgeni anafika saa nne." Alihesabu kwa kugusa vidole, ingawa jibu alilijua zamani. "Matundu thelathini. Ninyi mko ishirini."

Nyuma ya Bwana Chati walikuwa wamejaa mlangoni wabia wa kila namna, kila mmoja ameshika shati lake kifuani kama aliyetoka kuoga akakuta mlango wa chumba umefungwa. Mkurugenzi wa lile shirika la magari meupe, mama mrefu mwenye miwani, akajipenyeza mbele na kumwuliza Shangazi kwa upole, ule upole wa watu waliozoea kukubaliwa, yeye kama mama anahitaji nini.

"Kona yangu," alisema Shangazi. "Kwa barua. Yenye muhuri. Kabla sijatia uzi."

Barua ililetwa haraka hata wino haujakauka. Shangazi akautafuta muhuri, akauona, akatazama sahihi ya Mkurugenzi, akaikunja na kuitia kwenye kopo. Maneno yaliyokuwa katikati hakuyasoma. Ya nini? Alishayasikia maneno yao Jumamosi tatu, akaona hayafai hata kufungia maandazi.

"Haya. Thelathini kwa ishirini," alisema Bwana Chati, akitoa kalamu. "Kila mbia tundu moja na nusu..."

"Nusu ya tundu ndiyo ipi hiyo?" Shangazi alivaa miwani yake. "Hapana, mwalimu. Matundu yana vigezo."

Akafungua kopo tena, akatoa fomu yake yenye muhuri mwekundu, akainyoosha juu ya meza. "Nipangieni foleni. Wifi, njoo unishikie mashati."

Wifi alikuja. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya kura. Alichukua shati la kwanza akalivuta likanyooka mbele ya wembe, na Shangazi hakumwambia lolote ila, "Vuta zaidi."

Wa kwanza alikuwa meneja wa benki, bwana mmoja mwenye kitambi kilichotangulia mbele yake kwa hatua nzima.

"Unakula mara ngapi kwa siku?" Shangazi alisoma.

"Nani, mimi?"

"Foleni ndefu, baba."

"Mara tatu. Yaani... nne, ukihesabu ya ofisini."

"Una wategemezi wangapi?"

Meneja wa benki akafikiri. Alitaja mke, watoto, dereva, akataja na mbwa. Shangazi akamtazama kitambi. "Huyu tundu moja, la hapo hapo katikati. Juu na chini ajitegemee." Akachana, akaanza kuzungusha uzi. Mtaa ulishaanza kukusanyika. Mafundi walitoka milangoni na tepu zao shingoni, na wale waliomcheka Jumamosi ile walicheka sasa kwa adabu, wakiziba midomo.

Afisa wa manispaa aliulizwa ana shida gani kubwa kuliko zote, akasema kwa haraka ni shati hili, akapewa matundu mawili kwa kusema kweli. Bwana wa kampuni ya rangi alianza kueleza nembo yake iko wapi kwenye bango, akaambiwa hana malengo, arudi nyuma ya foleni ajitafakari. Mkurugenzi alijibu yote bila kubishana, wategemezi watatu, milo miwili, akapata matundu matatu, na alipopewa shati lake akasema asante kwa namna ambayo Shangazi aliitilia shaka, ila hakuwa na muda wa kuikagua.

Ilikuwa furaha. Aisemeje vingine? Miaka kumi na tisa alikuwa hajapata asubuhi tamu namna ile, jua limekaa sawasawa kwenye sindano na wakubwa wa mji wamesimama mbele yake wanajieleza.

Saa nne kasoro tano likabaki tundu moja, na watu wawili: Bwana Chati, na nyuma yake bwana wa kampuni ya rangi.

"Eleza kwa nini unahitaji kusaidiwa," Shangazi alisoma.

Jasho lilikuwa linamshuka Bwana Chati kifuani, na kifua kilikuwa wazi, kila mtu akaliona linavyoshuka. "Mama, wewe si unaona?"

"Naona mahali ambapo kitu hakipo."

"Nilikosea. Nisamehe. Fanya moja tu."

Shangazi aliinua wembe, akautazama, akaushusha. Tundu la thelathini akampa bwana wa kampuni ya rangi, ambaye alikuwa amejitafakari vya kutosha. Bwana Chati alipanda jukwaani amebana faili kubwa kifuani kwa mikono miwili, na mgeni rasmi aliponyoosha mkono wa kumsalimia, alimsalimia kwa kichwa.

Mafundi walipata kazi ya mashati mia tano. Vyungu vya maua vilihamishiwa chooni. Meza ya Shangazi ikabaki kwenye kona yake, na kwa wiki mbili alikuwa mtu mzuri kiasi cha kutisha. Alikuwa akiitikia salamu.

Asubuhi ya Jumatatu alifika akakuta kona ina kivuli.

Bango la turubai lilikuwa limetundikwa juu ya meza yake, limefungwa kwenye ubao wa ukutani kwa kamba pembe zote nne, kubwa kama mlango. Juu yake kulikuwa na picha yake mwenyewe, aliyopigwa asubuhi ile ya mashati, sindano mkononi, na kwa sababu alikuwa anaongea wakati anapigwa, mdomo ulikuwa wazi. Kando ya mdomo ule waliandika kwa herufi nene: "KABLA YA UBIA NILIKUWA SINA KITU. LEO NAJITEGEMEA."

Alisimama pale na mfuko wake mkononi. Wapita njia walisoma. Mwanamke mmoja mgeni alimtazama yeye, akatazama picha, akamwambia kwa huruma, "Hongera, mama. Mungu ni mwema." Na hiyo ndiyo iliyomkata maini. Cheko la Jumamosi ya tatu alilimeza, muhuri mwekundu aliuweka kwenye kopo, lakini huruma ya mtu asiyemjua, kwa uongo uliotoka kwenye mdomo wake mwenyewe, ilimkalia kooni ikakataa kushuka.

Wifi akaja mbio. Alikuwa ameshaliona tangu alfajiri na hakujua amwambieje. "Wifi, ile barua. Uliisoma?"

Waliitoa kwenye kopo wakaisoma pamoja, vichwa vimegusana. Aya ya kwanza ilimpa kona. Aya ya pili, ile ya katikati, ilisema kona inatolewa kwake akiwa mnufaika wa mfano, kwamba anaridhia picha na maneno yatakayoandaliwa na Ubia, na kwamba bango lisiondolewe, lisifunikwe wala kufutwa. Likiondolewa, kona inarudi kwa Ubia. Chini ilikuwa ile sahihi ya mama mwenye miwani, aliyesema asante.

Shangazi aliketi kwenye kiti chake. Kwa mara ya kwanza dharau yake ilimgeukia mwenyewe ikampandisha na kumshusha. Mtu wa kukagua ukingo wa tundu kwa dakika tano, akashindwa kukagua karatasi kwa moja, kwa sababu aliona waliyoyaandika si ya kusomwa na mtu kama yeye.

"Niliinua mkono siku ile," alisema wifi ghafla. "Kura. Wenzangu wote waliinua, nikaogopa."

"Nilikuona."

"Basi tulichane. Tulichane tuondoke wote, tutatafuta baraza jingine."

"Jua lingine utalitoa wapi?" Shangazi alikuwa bado ameshika barua. Akairudia aya ya pili, polepole sana sasa, kidole chini ya kila neno. Lisiondolewe. Lisifunikwe. Wala kufutwa. Akasoma mpaka nukta, akageuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

"Wifi," alisema, "nitafutie kifungo kikubwa. Cheusi. Cha koti."

Akapanda juu ya kiti. Akaupima mdomo wa picha kwa kidole gumba, kutoka kona hadi kona, akauchana kwa wembe mara moja, mstari ulionyooka. Kisha akatia uzi mnene uliopakwa nta, akaanza kuzungushia ukingo. Turubai ni gumu, sindano ilimchoma mara mbili, wala hakuharakisha. Lilimchukua asubuhi nzima. Mafundi waliacha cherehani zao wakaja kusimama chini, na hakuna aliyecheka. Lilikuwa tundu zuri kuliko yote aliyowahi kushona, na wao walikuwa watu wa kulijua tundu. Wifi akapitisha uzi wa kifungo kwenye ufa wa ubao nyuma ya bango, akaukaza kwa mafundo matatu. Shangazi akakipitisha kifungo.

Mwanamke wa kwenye bango akanyamaza.

Bwana Chati alifika jioni, ameambiwa. Alisimama mbele ya ule uso mkubwa uliofungwa mdomo, akatoa nakala ya barua mfukoni, akaisoma, akaisoma tena. Alitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akitafuta Shangazi asubuhi.

"Linafunguka?" aliuliza mwishoni.

"Linafunguka," alisema Shangazi, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Jaza fomu."